Ubao Wenye Dirisha

Ukumbi wa kuchukulia vitambulisho ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Watu walikaa, walisimama, waliegemea kuta, na kila mmoja alikishika kikaratasi chake cha namba kwa uangalifu, kama cheti cha dawa. Feni tatu zilizunguka na moja haikuzunguka. Chini ya ile isiyozunguka palikuwa na kiti kimoja kitupu, na fundi miwani akakiwahi.

Jirani yake alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la kijani lenye vifungo vyeupe kutoka shingoni hadi magotini, na viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi upya. Namba yake ilikuwa tisini. Ya fundi ilikuwa tisini na moja. Mwanamke alikuwa akijaza fomu, na kila mstari ulimsumbua. Aliinua kidevu, akaipeleka karatasi mbali, akairudisha karibu, akaipeleka mbali tena.

“Samahani, dada,” fundi akasema. “Hiyo miwani si yako.”

Mwanamke akamtazama juu ya fremu. “Unataka kusema nimeiiba?”

“Nasema si yako. Unasoma kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.”

“Na wewe ni askari wa miwani?”

“Fundi wa miwani. Nina chumba ghorofa ya pili, jengo la duka la dawa.”

“Kwa hiyo umekuja kutafuta wateja kwenye foleni ya serikali. Mungu anakuona.”

“Ananiona vizuri sana. Wewe ndiye hunioni.”

Akacheka huku amefunika mdomo kwa fomu. “Ni ya mama mdogo wangu. Yangu niliikalia jana. Umeridhika?”

Karani akaita namba tisini. Akaita mara ya pili. Mwanamke hakuinuka. Aliinamisha kichwa upande, akatulia kabisa, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Fundi akagusa kiti chake.

“Dada, unaitwa.”

“Nimesikia,” akajibu polepole. “Ila nimesikia mara tatu.”

Karani alikuwa ameita mara mbili tu. Fundi alikuwa na uhakika, lakini hakubisha.

Kesho yake mwanamke alikuja ghorofa ya pili, na fundi akampima macho. Kabla ya kukata kioo, fundi alikuwa na desturi ya kusali kimoyomoyo, sala fupi ya sentensi moja: Bwana, mwonyeshe huyu kilicho mbele yake. Siku hiyo aliisali mara mbili, na ya pili hakujua alikuwa akimwombea nani.

Mapenzi yao yalianzia hapo na yakaenda haraka. Yeye alimwita Tisini, mwanamke akamwita Fundi, na hakuna aliyeona haja ya jina jingine. Tisini alikuwa mpokea simu wa idara ya maji. Kutwa nzima aliwasikiliza watu waliokosa maji, waliokatiwa maji, waliooga nusu maji yakakatika wakabaki na sabuni machoni. Alikuwa na sauti ya kumtuliza ng’ombe aliyevunja kamba.

“Idara ya maji, nikusaidie nini?”

“Nina kiu,” Fundi alikuwa akisema kwenye simu.

“Eneo gani, mpenzi mteja?”

“Ghorofa ya pili.”

“Huko tunaleta saa kumi na moja jioni. Andaa vyombo.”

Mwezi wa nane wa mapenzi hayo, Fundi aliamua kumposa. Alianza kwa kuzunguka mbali, kama wanaume wengi. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya bwawa la kuogelea, ambako Tisini alikuwa akijifunza kuogelea kila Jumamosi kwa mwaka mzima sasa. Nywele zake zilikuwa na maji bado, na taulo la manjano lilimfunika mabega.

“Nikikupa zawadi moja kabla sijakuuliza swali moja,” Fundi akasema, “ungetaka nini?”

Tisini alilikaza taulo mabegani. “Nataka kusimama juu ya maji. Kule bwawani, bwawa kubwa linalotuletea maji. Nimeona watu wanasimama kwenye ubao, wanapiga kasia. Mara moja tu. Baada ya hapo uliza swali lako.”

“Na kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo siwezi kukujibu, Fundi. Usiniulize kwa nini.”

Hakumuuliza. Alidhani ni hamu ya michezo.

Duka la vifaa vya michezo ya majini lilikuwa nyuma ya gereji, na ndani yake mlikuwa na baridi isiyolingana na jua la nje. Mbao zilisimama wima ukutani, ndefu kuliko watu, zimepangwa kama wageni wanaosubiri kuitwa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi fupi. Zamani alifundisha kuogelea, na mpaka leo kila mtu alimwita Mwalimu.

“Wa nani?” Mwalimu akauliza.

“Wa mchumba wangu. Yaani, karibu mchumba.”

“Ameshawahi kusimama kwenye ubao?”

“Hata mara moja.”

“Kilo ngapi?” Fundi akamwambia. “Urefu?” Akamwambia. “Ataubeba mwenyewe kutoka kwenye gari?”

“Mimi nipo.”

“Wote husema hivyo.” Mwalimu akaburuta begi kubwa kutoka chini ya meza. “Huu hapa. Wa kujaza upepo kwa pampu. Mita tatu na robo, upana sentimita themanini na nne. Anayeanza anahitaji upana, kaka. Ukiwa mwembamba unakwenda kasi, lakini unamtupa. Huu unambeba hata akipiga magoti na mwenzake amekaa mbele. Na hii kamba anafunga mguuni, asiachane na ubao.”

Fundi hakuwa akisikiliza. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye ubao wa kona, mgumu, mweupe, na katikati yake palikuwa na dirisha la plastiki angavu, refu kama mkono. Mtu akisimama juu yake angeona kila kitu chini ya miguu yake. Akapiga goti, akaligusa. Halikuwa na mkwaruzo. Lilikuwa na ubaridi wa kioo kilichotoka kusafishwa.

“Nataka huu.”

“Huo si wa anayeanza,” Mwalimu akasema. “Ni mwembamba. Halafu lile dirisha. Mtu anayejifunza akitazama chini anaanguka. Kichwa kinakwenda macho yanakokwenda, na mwili unafuata kichwa.”

“Mama, kazi yangu ni kuwafanya watu waone. Siwezi kumnunulia mtu ninayempenda ubao kipofu.”

Mwalimu akamtazama kama anayepima kina. “Anakwenda kuogelea wapi?”

“Bwawa kubwa.”

Mwalimu akaufunga ubao kwa karatasi nene bila haraka, akakaza kamba mara mbili, na alipomaliza akasema tu, “Yapo maji ya kutazama chini, na yapo ya kupita juu yake kwa heshima. Ukibadili mawazo, mimi niko hapa.”

Jumapili alasiri Fundi aliingiza ubao sebuleni kwa mama mdogo, akisukuma meza na makochi. Mama mdogo ndiye aliyemlea Tisini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mnene kiasi, mwenye utani mwingi.

“Mkwe umeleta jeneza au umeleta mtumbwi?” akauliza.

“Mama mdogo, ngoja uone.”

Karatasi ikachanika. Ubao ukakaa juu ya zulia, na ndani ya dirisha maua mekundu ya zulia yakaonekana makubwa na ya karibu, kama yanapanda juu. Tisini aliinama kutazama. Rangi ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye sinki. Mama mdogo alisimama, akaelekea jikoni, wakasikia bomba likifunguliwa na kuachwa wazi.

“Nani amekuambia?” Tisini akauliza.

“Kuniambia nini?”

“Usinifanye mtoto. Mbao zote duniani, ukachagua huu. Nani amekuambia, ni yeye?” Akaonyesha jikoni.

“Tisini, mpenzi, ni kwa ajili ya samaki. Nilidhani utapenda kuona samaki.”

“Nilitaka kusimama. Sikutaka kuchungulia.” Akalifunika dirisha kwa karatasi iliyochanika. “Uchukue. Uondoke nao sasa hivi, na usinipigie.”

Fundi alishusha ubao ghorofa nne peke yake, na watoto wa ghorofa ya chini wakamfungulia njia bila kucheka.

Siku tano simu yake haikupokelewa. Fundi alikata vioo viwili vibaya, kitu ambacho hakikuwa kimemtokea tangu alipokuwa mwanafunzi. Alisali, lakini sala ilimrudia mkononi kama barua isiyo na anwani. Siku ya sita, saa tano asubuhi, akapiga namba ya ofisi.

“Idara ya maji, habari za asubuhi, nikusaidie nini?”

“Nina malalamiko.”

“Eneo gani?”

“Ghorofa ya pili, jengo la duka la dawa. Kuna mtu ananyauka.”

“Hilo si letu. Waone watu wa bustani.”

“Tisini, usikate. Sijui nilichokosa, lakini nimekosa. Niambie tu nijue ninaomba msamaha wa kosa gani.”

Tisini alikuwa karibu kujibu. Ndipo laini ikakoroma, kama hewa inayotangulia maji ndani ya bomba, na sauti ya mwanamke mwingine ikaingia katikati yao. Ilikuwa sauti iliyochoka, yenye adabu, ya mtu aliyekwisha kulalamika mara nyingi na hataki kuonekana msumbufu.

“Maji yamefika mlangoni,” ikasema. “Mtakuja lini?”

Fundi alidhani ni mteja. “Samahani, mama, laini zimeingiliana. Subiri kidogo atakusikiliza.”

Kulikuwa na tone, halafu tone, halafu laini ikawa safi.

“Umemsemesha,” Tisini akanong’ona.

“Si mteja wako huyo? Ana mafuriko maskini.”

“Fundi. Umemsikia?”

“Amesema maji yamefika mlangoni. Ameuliza mtakuja lini.”

Fundi alimsikia akilia kama watu wanavyolia kazini, kwa pumzi tu.

“Mwaka wa nne huu nampokea, saa tano asubuhi,” akasema mwishowe. “Nikiwapa wenzangu wanasikia mlio. Nikauliza mafundi, wakasema namba hiyo haipo. Nilidhani naumwa kichwa. Njoo saa saba, langoni.”

Walikaa kwenye ukuta mfupi nje ya lango la idara, wafanyakazi wakipita na vyakula vyao mikononi. Tisini alikuwa na blauzi ya kazi ya buluu na macho mekundu. Akamweleza yote.

Kabla ya bwawa, bondeni palikuwa na mtaa. Mama yake alifariki kwa ugonjwa Tisini akiwa na miaka minne, akazikwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kwamba bonde litajazwa maji. Watu walihamishwa, na makaburi pia. Ilitakiwa orodha, na aliyeiandika alikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye mwandiko mzuri. Ndiye mama mdogo.

“Baba alimpigia magoti,” Tisini akasema. “Alisema hawezi kuona mkewe anafukuliwa. Akamwomba aruke mstari mmoja. Akaruka. Makaburi yote yalihama, Fundi, isipokuwa la dada yake mwenyewe. Baba aliniambia siku anakufa. Mama mdogo anajua kwamba najua, na hatujawahi kulisema. Tangu maji yajae, hajawahi kuyatazama.”

“Na wewe ulitaka kwenda juu yake.”

“Siwezi kuolewa mama yangu hajui. Nilitaka nisimame pale nimwambie, kwa adabu, kama unavyobisha hodi. Wewe ukaniletea dirisha la kumchungulia kaburini.”

Fundi aliinama, viganja vikiwa usoni. “Nisamehe. Kwangu mimi kila shida ni ya macho.”

“Nimeona hilo.” Akamsogelea, bega likagusa bega. “Umemwambia asubiri kidogo nitamsikiliza. Hakuna aliyewahi kumjibu zaidi yangu. Basi twende.”

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa duka Fundi alipofika na ubao mweupe. Begi la ubao mpana lilikuwa tayari miguuni pake, na juu yake jaketi okozi tatu.

“Nilikuwa nakungoja,” akasema.

“Ulijuaje?”

“Watu wengi wa bondeni walijifunza kuogelea kwangu, kaka. Wanafundishika haraka, na hakuna hata mmoja anayekubali kufungua macho chini ya maji.” Akachukua funguo za gari. “Nawasindikiza. Na wewe nitakukodishia wako. Kwa tumbo hilo, chukua ule mrefu.”

Walifika bwawani Jumamosi, jua likiwa limeshapanda, lakini ukungu ulikuwa haujaondoka. Maji yalikuwa bapa na ya kijivu. Miti iliyokufa miaka ishirini na sita iliyopita ilisimama ndani yake bila majani wala ndege. Mama mdogo alikubali kuja kwa shingo upande. Alikaa garini, amegeuza uso kuelekea kilimani, na aliongea bila kugeuka.

“Kuna nguzo tatu za umeme zimetokeza. Nendeni mpaka mnara wa maji uonekane nyuma ya nguzo ya tatu. Hapo ndipo palikuwa na jiko.” Kisha akaongeza, “Sikuwaambia chochote mimi.”

Mwalimu alijaza upepo, akafunga kamba kwenye kifundo cha mguu wa Tisini, akakaza jaketi lake. “Piga magoti kwanza. Ukijisikia tayari, weka mguu mmoja, halafu wa pili. Magoti yalegee. Macho ufukwe wa pili.”

Fundi alianguka mara tatu kabla ya kuondoka penye kina cha magoti.

“Hata bata walianza hivyo,” Tisini akamwambia kutoka mbele, tayari amesimama, suruali nyeusi imelowa hadi magotini, mgongo umenyooka.

“Nikizama, usiolewe na muuza matairi wa pale chini.”

“Muuza matairi ana kazi ya maana. Piga kasia.”

Wakaenda. Kila walipozidi kwenda mbali sauti zilipungua, mpaka wakabaki na tone la kasia tu. Nguzo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye ubao wake, na alijikaza asitazame chini, kwa sababu mara mbili alikuwa ameona mstari ulionyooka kule, na vitu vilivyonyooka hivyo hutengenezwa na watu. Mnara ukasogea nyuma ya nguzo ya tatu.

Ubao wa Tisini ukasimama.

Haukupunguza mwendo. Ulisimama, kama gari lililofika kituoni, na mawimbi madogo yakaendelea mbele bila yeye. Alivuta kasia mara moja, mara mbili. Haukusogea hata kidole. Kamba ya mguu ilikuwa juu ya ubao, imejikunja, haijashikwa na kitu chochote.

“Fundi,” akasema kwa sauti ndogo. “Usije karibu.”

“Siendi popote.”

Tisini akaweka kasia miguuni, akakunja mikono mbele. “Mama, ni mimi. Nimechelewa. Nimekuwa mkubwa, nina kazi, naogopa vitu vichache. Nimempata mtu, na nimekuja kukuambia kabla ya watu wengine.”

Halafu akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

Fundi hakusikia kitu. Aliona tu uso wa mtu aliyepokea simu. Tisini aliitikia kwa kichwa, akangoja, akaitikia tena. “Ndiyo,” akasema kwa sauti yake ya kazini, ile ya upole. “Ndiyo, mama. Nimekuelewa. Pole sana. Nitamwambia.” Akangoja tena, na safari hii akatabasamu. “Ni fundi wa miwani. Hapana, si mrefu.” Kisha, bila kugeuka, “Fundi, msalimie.”

Baridi ilimpanda kutoka magotini. Alisali ile sala yake fupi, akavua kofia yake ya jua, akaiweka kifuani.

“Shikamoo, mama.”

Ukungu haukusogea. Maji hayakusogea. Kisha mbele yake, taratibu, viputo vitatu vikapanda kutoka chini, kimoja baada ya kingine, vikapasuka kando ya ubao wa Tisini bila sauti. Ubao ukaachia. Ukaanza kuelea tena, mwepesi, ukageuka nusu duara.

“Amekuitikia,” Tisini akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti ilikuwa imara. “Ulikuwa na swali.”

“Niulize hapa hapa?”

“Shahidi yupo.”

Fundi alikuwa tayari amepiga magoti, kwa kukosa uwezo wa kusimama. “Nioe?” akauliza. “Yaani, nikuoe?”

“Nioe,” Tisini akasema. “Na ukubali kufundishwa kusimama, maana harusi si ya kupiga magoti mwanzo mpaka mwisho.”

Waliporudi, ukungu ulikuwa umeanza kuchanika. Mama mdogo alikuwa ameshuka garini. Alisimama mwisho wa nyasi, uso ameuelekeza majini, mikono imekumbatia mkoba kama mtu anayesubiri matokeo hospitalini. Mwalimu alikuwa kando yake. Fundi akauvuta ubao hadi kwenye mchanga, na Tisini akashuka.

“Mko salama?” mama mdogo akauliza.

“Tuko salama. Tunaoana.”

“Hilo nilijua.” Aliitazama nguzo ya tatu kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita. “Mwanangu, amesemaje?”

Tisini akamshika mikono yote miwili, mkoba ukadondoka.

“Ameuliza mbona wewe hujaja.”

Mama mdogo alisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kusali sala ndefu. Kisha akainama kwa shida, akafungua vishikizo vya viatu vyake, akavipanga kimoja kando ya kingine kwenye nyasi, kama mtu afanyavyo mlangoni mwa nyumba ya watu.

“Nipeni hilo jaketi,” akasema. “Na wewe, mkwe, nishike vizuri. Mimi sijui kuogelea.”